Zamu ya Mkunja Upepo

3 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeitikia mapema kwa sababu najua shikamoo yako itachelewa kama barua zako. Sisi hapa wazima. Shemeji yako anakoroma vilevile na asubuhi anakana vilevile. Kazini nimetengeneza meno ya mwalimu mmoja mstaafu, seti nzima, juu na chini. Akayavaa, akajitazama kwenye kioo, akaniambia yanapiga mluzi akitamka jina la mkewe. Nimeyachonga upya mara tatu. Nadhani tatizo ni mke.

Wewe je, mzima? Huko bwawani bado mnachomelea vyuma tu, au siku hizi mnalala pia?

Haya, Baba. Nimezunguka vya kutosha.

Baba anasahau, mdogo wangu. Si kusahau kule kwa kutafuta miwani iliyo usoni. Juzi aliniuliza kama nimekuja kufuata ufunguo wangu, akaniambia nisubiri, foleni ni ndefu, kama bado yuko kibandani kwake anachonga funguo. Nilikuwa nimemletea uji. Jina langu limeshatoka. Mimi ni "yule dada wa meno". Daktari alisema neno refu, halafu akasema tuwe na subira, na hapo ndipo nilipojua hana dawa.

Lakini wiki iliyopita nikifagia chumbani kwake niliugonga ule ubao wa mchezo aliotutungia utotoni, chini ya kitanda. Akaushika, akaufuta vumbi kwa mkono wa shati, akaupanga mezani. Ramani yote, ile aliyoichora kwa kalamu ya risasi na rangi ya milango. Akamwaga funguo, wachawi wetu, kutoka kwenye kopo: Bibi Radi wangu, ule ufunguo mrefu wa stoo, na Mkunja Upepo wako, ule wa shaba uliovunjika jino. Akauweka wako katikati ya Daraja la Kioo bila kuuliza mtu. Mtu asiyejua amekula nini mchana! Halafu akanitazama kwa yale macho yake ya zamani ya Mwenye Nchi, mwamuzi wa mchezo, akasema, "Zamu ya nani?"

Nikasema, zamu yangu. Akasema, "Muongo. Zamu ya Mkunja Upepo."

Ni kweli. Jioni ile ya mwisho kabla hujaondoka ulisimama pale darajani, mbele ya mlango wa mwisho, ukasema utacheza ukirudi. Ulikuwa unakwenda miezi sita. Sasa ni mwaka wa tisa, na katikati umekuja mara moja tu, harusini kwangu, ukakaa siku mbili na ubao hukuugusa.

Sheria unazijua. Zamu ya mtu haichezwi na mwingine. Kila jioni anapanga ubao, anauliza zamu ya nani, anangoja. Kila kitu kingine kimemtoka, mchezo umebaki. Niandikie basi unachofanya pale darajani. Mstari mmoja tu. Rusha dadu huko huko, sisi tutakuamini.

Wako,
Dada


1 Machi

Dada,

Shikamoo, na usicheke. Barua yako nimeipata. Lori la vifaa lilichelewa. Msalimie sana shemeji, mwambie hapa kambini analala mtu mmoja ambaye akikoroma mabati yanaitikia, kwa hiyo asijione bingwa.

Mimi mzima. Tumemaliza lango la pili la bwawa, tumebakiza la tatu. Ni chuma kikubwa kuliko nyumba yetu, na mimi ndiye ninayening'inia juu yake na kamba kiunoni. Mkuu wa kazi ameninong'oneza kwamba la tatu likisimama nitakuwa msimamizi wa wachomeleaji wote. Kofia nyeupe, Dada! Mpishi ameshaanza kuniita bosi, ila bado ananicheka kwa kunywa chai bila sukari. Nikamwambia ni mambo ya nyumbani.

Kuhusu Baba, pole kwa kazi hiyo. Najua ni mzigo. Uzee ndivyo ulivyo. Mpe chakula laini, asikae kwenye baridi.

Huo mchezo nashukuru kama unamtuliza. Lakini mimi mtu mzima sasa, nikikaa hapa kurusha dadu na kuandika habari za wachawi watanipeleka kupimwa kichwa. Mwambie nimepitisha zamu. Cheza wewe.

Mdogo wako


22 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, mvua zimeanza, paa linavuja palepale ulipoahidi kuziba. Mwalimu wa meno amerudi kuniletea maembe matatu. Mluzi umeisha, sasa analalamika kwamba mkewe anamwelewa.

Nimemfikishia Baba ujumbe wako. Nikamwambia, "Mkunja Upepo amepitisha zamu." Unajua alivyofanya? Alicheka. Halafu akakunja uso, akaniwekea kidole juu ya daraja. "Aliyesimama darajani hapitishi zamu. Ama anafungua mlango, ama anarudi nyuma. Akisimama, daraja linamngoja, na watu wote nyuma yake wanangoja." Kisha akanifundisha sheria za uchawi tangu mwanzo, mimi niliyezijua kabla ya kujua kusoma. Kwamba hakuna uchawi wa bure. Kwamba bei inatajwa kwa sauti kabla dadu haijarushwa. Kwamba bei iwe yako mwenyewe, na ikuume. Hakukosea hata moja.

Akauliza, "Yule alilipa nini kupanda darajani?" Nikamwambia: sukari kwenye chai, mpaka mchezo uishe. Akasema, "Basi hiyo bado anailipa." Halafu nikasoma tena barua yako, pale kwa mpishi. Mambo ya nyumbani, ee? Kumbe mtu mzima asiyecheza michezo, chai anakunywa chungu mwaka wa tisa!

Nilikasirika, nikacheka, nikalia, yote pale pale juu ya sufuria.

Nikuambie na mengine, usije ukasema nilikuficha. Jumatatu alitoka na kisanduku chake cha vifaa, akaenda kubadilisha kitasa cha mlango wa jirani. Jirani alikuwa ndani, hakuita fundi yeyote. Kazi safi kabisa, ila jirani alikaa humo mpaka niliporudi kutoka kazini, ananiita kupitia tundu la ufunguo. Tumecheka wote, lakini mimi usingizi sikupata. Nilimwonyesha picha yako. Aliigeuza, akatafuta kitu nyuma yake, akanirudishia. Lakini akishika ule ufunguo wa shaba anasema, "Huyu mbishi. Mbishi, lakini ana mkono mwepesi." Unanielewa? Kwenye picha hakujui. Kwenye ufunguo anakujua.

Habari za chakula laini usiniandikie tena. Mimi ndiye ninayekisaga. Unaogopa nini, mdogo wangu? Sikuombi uache kazi. Naomba zamu moja.

Dada


20 Aprili

Dada,

Shikamoo sana. Nimekaa na barua yako tangu lori lilipoileta. Mara ya kwanza niliisoma juu ya lango, nikashuka, nikamwambia mwenzangu macho yamepigwa na cheche. Salamu kwa shemeji. Paa nitaliziba.

Umeuliza naogopa nini. Naogopa kufika mlangoni, Baba afungue, anitazame kama anavyomtazama mtu aliyekuja kusoma mita. Nikae pale na begi langu, nijitambulishe kwa baba yangu. Ukiwa mbali unaweza kujidanganya kwamba bado kuna mtu nyumbani anayekujua. Ndiyo hivyo. Sasa umeshajua, usinitanie.

Sukari, ni kweli. Miaka ya kwanza nilikuwa nasema nitaanza kesho. Nikishika kijiko namsikia: "Mchezo umeisha?" Narudisha kijiko.

Haya, nacheza. Mwambie Mwenye Nchi hivi: Mkunja Upepo amesimama Daraja la Kioo. Anakunja upepo wa pande zote nne kwenye ngumi yake, mpaka bendera za nchi nzima zinalala. Anataka kufungua mlango uliojifunga kichwani mwa Mwenye Nchi mwenyewe, ili kila kilichomo kitoke nje kama zamani, majina na sura zote. Bei yake ni kubwa. Analipa miaka yake tisa ya ugenini. Yote.

Dadu nimeichonga kwa nati kubwa, nikaipiga nukta kwa msumari. Nimeirusha kwenye meza ya chakula. Mpishi ni shahidi. Imetoka sita, Dada. Naapa sikuigusa.

Mdogo wako


18 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na leo naiitikia kwa moyo wote. Wazima sote. Salamu nyingine zikae kando.

Barua ilifika siku ambayo Baba alikuwa vibaya. Asubuhi alikataa kuvaa, akasema nguo ni za mtu mwingine. Nilipomwambia Mkunja Upepo amejibu, alinyanyuka kitandani peke yake, akavaa, akafunga vifungo vyote, akaja mezani. Nikamsomea polepole. Alipenda pale kwenye bendera. "Ehee," akasema, "huyo ndiye." Nilipofika kwenye mlango wa kichwani mwake akanyamaza. Nilidhani amepotea tena. Hapana, alikuwa anafikiri! Alikuwa anakutafutia hukumu ya haki, mdogo wangu, kama zamani tulipokuwa tunagombana na yeye anashika kidevu.

Akasema, "Sita ni nzuri, lakini jambo lenyewe halifiki kwenye dadu. Amekosea kabla ya kurusha."

Nikamuuliza amekosea wapi.

"Bei. Hiyo miaka ameshaitumia. Kitu kilichokwisha tumika hakilipii." Akakisogeza kidogo kile kiufunguo chako, kama anakipangusa. "Na mlango anaotaka kuufungua si wake. Huo uko ndani ya mtu mwingine, uchawi hauingii humo. Yeye yuko darajani. Afungue mlango ulio mbele yake." Halafu akanipa maneno haya, akanirudishia mara mbili mpaka nikayashika: "Mwambie ataje kitu ambacho bado anacho."

Alikuwa mpole kabisa. Wala hakujua anazungumza na nani, wala kuhusu nani. Ndicho kilichonimaliza. Kesho yake kazini nilimwaga machozi kwenye plasta ya meno ya watu, ikabidi nikoroge upya.

Sasa sikiliza, maana sitarudia. Anapungua kila wiki. Jana alipanga ubao akausahau Mlima wa Chumvi aliouchora mwenyewe, akauliza hili doa la nini. Bado anauliza zamu ya nani. Akisikia pikipiki inasimama nje anakwenda mlangoni, anashika komeo, anarudi. Mlango ulio mbele yako unaujua, usijitie hamnazo. Una kofia yako nyeupe inakungoja huko. Una miguu. Taja bei, ucheze, uje.

Dada


2 Juni

Dada,

Shikamoo. Naandika haraka.

Amenipata. Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu, halafu sikucheka tena. Miaka hiyo ameshaitumia. Hata hakimu hajawahi kunisomea hukumu ya namna hiyo, na huyu amesahau kuvaa shati.

Nacheza tena. Mkunja Upepo anaacha pande zote nne za upepo ziende zake. Anaweka mkono kwenye mlango ulio mbele yake, mlango wa kwenda nyumbani. Bei: kofia nyeupe. Usimamizi. Hicho bado ninacho, ama karibu ninacho, na kinaniuma, usidhani hakiniumi. Nimeutaka tangu siku ya kwanza niliposhika kishikio cha kuchomelea. Dadu imetoka nne. Kwa mlango wa mtu mwenyewe nne inatosha, sivyo? Mwulize Mwenye Nchi.

Ila lango la tatu liko nusu hewani, Dada. Siwezi kuwaachia wenzangu limening'inia namna ile. Likikaa sawa tu, naondoka. Ni wiki chache. Mwambie anishikie zamu.

Mdogo wako


29 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Wazima, tunashukuru. Shemeji yako ameziba paa mwenyewe, vibaya.

Barua yako ya tarehe mbili Juni nimeipata juzi. Posta wanasema barabara ya huko ilikatwa na mafuriko, magunia ya barua yalikaa upande wa pili wiki baada ya wiki. Kwa hiyo mimi nilikuwa nakusubiri na kukusema, na wewe ulikuwa umeshajibu. Nisamehe kwa yale niliyoyasema, hukuyasikia lakini niliyasema.

Nilikimbia nayo nyumbani bila kuvua koti la kazi. Nikampangia ubao. Nikamwambia, "Mwenye Nchi, Mkunja Upepo ametaja bei!"

Akautazama ubao. Akanitazama. Akasema, "Hii ni nini?"

Nilidhani ananitania. Nikamwonyesha daraja, mlima, funguo. Alizishika moja moja, akazijua kwa kazi yake: hii ya stoo, hii ya kabati, hii imevunjika jino. Fundi bado yupo. Mwenye Nchi hayupo tena. Sijui aliondoka siku gani. Mwezi mzima nilikuwa naogopa kuutoa ubao, nikijiambia nikupe muda. Labda ningeutoa kila siku angebaki. Usinijibu hilo.

Nilikaa chini, mdogo wangu, nikawa nimeishiwa. Lakini yeye akaendelea kushikashika zile funguo, akaniuliza, "Unachezwaje?" Kwa adabu, kama mgeni anayeogopa kusumbua.

Basi nikamfundisha. Mimi kumfundisha yeye! Nikamwambia hakuna uchawi wa bure. Nikamwambia bei inatajwa kabla, iwe yako na ikuume, na kilichokwisha tumika hakilipii. Nikamwambia uchawi hauingii ndani ya mtu mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Sheria nzuri," akasema. "Nani alizitunga?"

"Baba yangu."

"Mtu mkali huyo. Lakini haonei mtu."

Akachagua ufunguo wake kwenye kopo, ule mdogo kabisa wa sanduku la nguo. Nikamwambia ampe jina. Akafikiri sana, akasema, "Mgeni." Nikamweka mwanzo wa njia. Halafu akaona ufunguo wako pale katikati.

"Huyu mbona amesimama peke yake?"

"Anangoja zamu yake."

"Amengoja sana?"

Nikasema sana. Nikanyoosha mkono nikuondoe, nikusogeze nyuma ili tuanze upya wote watatu. Akanishika mkono. Kwa nguvu, mdogo wangu. Akasema, "Usimguse. Si umesema zamu ya mtu haichezwi na mwingine?"

Dakika kumi tangu nimfundishe, na ameshaanza kunisahihisha.

Sikuandikii uje. Nimeacha kuomba. Nakuandikia ujue tu kwamba hukumu ya ile nne yako ya dadu hakuna wa kuitoa. Mwenye Nchi alikwisha kuondoka barua yako ilipofika.

Dada yako


16 Agosti

Dada,

Shikamoo.

Barua hii ataileta dereva wa lori mwenyewe, mkononi. Atanitangulia kwa siku mbili tatu. Namalizia kukabidhi kazi.

Nimechelewa. Nimegeuzageuza maneno mengine, hakuna linalofaa zaidi ya hilo. Uliniomba mstari mmoja mwezi wa pili na nikamwonea haya mpishi. Kama ningerusha dadu siku ile, angenihukumu yeye mwenyewe mpaka nivuke, kwa akili yake, na ningeisikia sauti yake kwenye barua zako miezi mitano. Hilo silipati tena, na najua sheria, hakuna bei ya kulirudisha. Nimelia, Dada. Na wewe hukuua mchezo kwa kutoutoa ubao. Ulisema nisijibu, nimejibu.

Lango la tatu limesimama. Walinipa kofia asubuhi, nikairudisha mchana. Mkuu wa kazi aliniuliza kama nimepata kazi bora zaidi. Nikamwambia kuna watu wananingoja darajani. Akanitazama hivi, akanipa mkono.

Nina ombi moja. Nikifika usimsumbue Baba kwa kumwambia huyu ni mwanao, mtazame vizuri, kumbuka. Atahangaika kutafuta kisichokuwepo, na mimi nitasimama pale namtazama akitafuta. Mwambie tu mwenye ule ufunguo wa shaba amekuja kucheza zamu yake. Nitakaa upande wa dirishani nilipokuwa nakaa. Wewe sasa ndiye Mwenye Nchi, utahukumu ile nne yangu. Usinipendelee. Nikishavuka nitarudi mwanzo wa njia kumchukua Mgeni, tutembee naye, hata kama kila jioni itabidi nimfundishe upya jina lake.

Na kama utakuwa umepika chai, yangu usiitie sukari. Mchezo haujaisha.

Mdogo wako